Nusu ya Kitabu Aliyoiacha Nelson

Asubuhi ya Nyamongo haina haja ya jogoo. Nyundo ndizo zinazoamsha watu, na nyundo ya kwanza kusikika nyuma ya karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, ni ya Gati Nyangwine. Anaketi juu ya gunia lililokunjwa, miguu ameinyoosha, jiwe amelizungushia pete ya mpira wa tairi ili vipande visimrukie machoni. Anapiga, anageuza, anapiga tena.

Wenzake wanakuja mmoja mmoja, wanasalimiana, wanajifunga khanga puani kwa ajili ya vumbi. Wa mwisho kufika ni Mwajuma, binti wa fundi cherehani kutoka Mugumu. Yeye hana nyundo mkononi. Ana kitabu.

Anakaa katikati yao, anafungua pale walipoishia jana, anaanza kusoma kwa sauti. Nyundo hazinyamazi, ila zinapungua ukali. Wanawake hawa wamejifunza kupiga jiwe bila kumkatiza msomaji, na mambo yanapokolea utaona nyundo zimeganda hewani na wenye nazo wamesahau walikuwa wanafanya nini.

Siku ya Mwajuma haipotei. Kila mwenzake humtilia karai moja la mawe yaliyopondwa, kwa hiyo jioni msomaji naye ana rundo lake la kupimiwa. Utaratibu huo waliuweka wenyewe. Msimamizi wa karasha alianza kwa kuucheka. Siku hizi husogeza kiti chake karibu akijifanya anakagua kazi.

Leo wanasoma habari za mfanyabiashara anayenunua miaka ya maskini na kuiuza kwa matajiri wasiotaka kufa. Mama mmoja anauliza kama tajiri huyo hana tawi hapa Nyamongo. Wote wanacheka isipokuwa Gati. Yeye anasikiliza kama mtu anayesubiri jina lake liitwe dirishani hospitalini.

Hadithi anayoitafuta siyo hiyo.

Gati hajui kusoma. Shule aliiona kwa nje, akipeleka ng'ombe malishoni kwao Nyambureti, wilayani Serengeti. Mumewe alipofariki, na bei ya dhahabu ilipopanda hadi kila mwenye mikono miwili akaja kujaribu bahati, naye alikuja Nyamongo na mwanawe wa pekee, Nelson. Mtoto akaenda maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Mama akashika nyundo.

"Siku nzuri napata elfu nne," anasema. "Siku mbaya napata kikohozi."

Nelson alikuwa na ugonjwa wa vitabu, na si vitabu vyovyote. Alipenda habari za mambo yasiyokuwepo: mitambo inayofikiri, watu wa nyota nyingine, maziwa yanayokumbuka waliozama. Kila alipokwenda Tarime alipitia meza ya Abdurahmani sokoni, ambako vitabu vya mtumba hulala kati ya viatu na redio mbovu. Huko ndiko alikookota kitabu kisicho na jalada wala jina.

Kilieleza juu ya mji ulio chini kabisa ya ardhi. Watu wake huwasha taa kwa pumzi zao, na hawajawahi kuona jua. Kwao jua ni hadithi ya kubembelezea watoto. Siku moja binti mmoja fundi anawashawishi wenzake waanze kuchimba. Wanachimba kwenda juu.

Jioni, mama akisonga ugali, Nelson alimsimulia kipande alichosoma. Gati anasema hapo mwanzo alisikiliza kwa kumridhisha tu mtoto, maana mtu anayeshinda ndani ya shimo kuja kusoma habari za watu wa shimoni aliona ni kichaa kidogo. Kisha wale watu wakamwingia. Akawa anaponda mawe huku akiwawaza.

"Jioni ya mwisho nilimuuliza, hao watu wanatoka au hawatoki?" anakumbuka. "Akasema, mama, nakaribia kufika. Kesho nitakuambia."

Kesho yake ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Kwenye maduara ya hapa, kabla watu hawajashuka asubuhi, husimama mdomoni mwa shimo na aliyeota husema alichoota. Ukiota harusi, ambayo ndotoni ni msiba, siku hiyo hakuna kushuka. Ukiota njia au mwanga, mkubwa wa duara huifuata ndoto yako kwa sururu. Aliye mbali anaweza kulicheka jambo hilo. Anayeteremka kwa kamba hacheki.

Asubuhi hiyo Nelson alikuwa anawasimulia wenzake kitabu. Alikuwa amefika pale wachimbaji wa mji wa chini wanapokata mkono wa kushoto, kwenye jiwe linalotoka jasho, na kwa mbali wanaona mwanga. Mkubwa wa duara, Kisyeri, alifika wakati huo na kukuta kipande hicho tu.

Kisyeri bado yupo Nyamongo. Mguu wake wa kulia haukunjiki, na siku hizi anauza vocha kandokando ya kijiwe cha bodaboda. Hakukataa kuzungumza, ila alizungumza akitazama chini.

"Mdomoni mwa duara hatusimulii vitabu, tunasimulia ndoto," anasema. "Kijana aliniambia, bosi, hiki ni kitabu tu. Nikamwambia, mura, kijana wangu, usinifiche bahati. Nilidhani anataka kurudi baadaye na watu wake wachukue peke yao. Nikaamuru tukate kushoto."

Na kushoto kweli kulikuwa na jiwe linalotoka jasho. Jiwe la namna hiyo limelewa maji, halishiki, na matimba, yale magogo ya kuegemeza kuta, hayakuwa yamefika upande huo. Ukuta ulishuka wote kwa pamoja. Kisyeri alikuwa nyuma akavutwa kwa kamba, mguu ukiwa umevunjika. Nelson na kijana mwingine, mzaliwa wa Sirari, walikuwa mbele.

Hawakutolewa. Watu walichimbua mpaka maji yakapanda, kisha ikasemwa kwamba kila anayeshuka kutafuta maiti atakuwa maiti mwenyewe, na duara likafukiwa. Leo ukipita hapo utaona kichuguu cha udongo mwekundu na mbuzi wanakula majani juu yake. Inauma kupita hapo ukijua kilichopo chini, na inauma zaidi kuona jinsi watu walivyozoea kupita.

Ndugu wa kijana wa Sirari walikuja, wakachota udongo wa pale kwenye ndoo, wakaenda kuuzika kwao. Gati hakuchota. Alisema udongo huo ndio uliomuua mwanawe na hawezi kuubeba kichwani kuupeleka nyumbani.

Shemeji yake Waitara, ndugu wa marehemu mumewe, aliitisha wazee wa ukoo huko Nyambureti. Wakakubaliana kijana azikwe kwa kitu chake badala ya mwili, na kitu chenyewe kiwe kile kitabu alichokiacha nyumbani, kwa kuwa ndicho alichokishika kila siku.

Wakati huo Gati alikuwa ameshampelekea Mwajuma kitabu amsomee, palepale penye mawe, na ndivyo desturi yao ya kusoma ilivyoanza. Wanawake walisikiliza mpaka ukurasa wa mwisho. Binti fundi yuko ndani ya shimo lake la kwenda juu, taa za wenzake zinafifia, mwamba unalia. Chini ya ukurasa pameandikwa kwamba huo ni mwisho wa sehemu ya kwanza.

"Nikawaambia wazee, simziki mtoto na nusu ya habari," anasema Gati. "Nipeni muda nitafute iliyobaki."

Wazee walimpa muda, ila muda nao huchoka. Mvua zilikuja na kwenda. Ndama wakafa, mtoto wa jirani akaugua, na kila baya lililotokea likawekwa mlangoni kwa Nelson asiyezikwa. Mwaka huu Waitara alisema basi: mavuno yakiisha, kitabu kitaingia kaburini kilivyo.

Tangu siku alipoomba muda, Gati hakukosa soko la Tarime. Hana jina la kitabu wala la mwandishi, kwa hiyo hutafuta kwa kuuliza. Abdurahmani, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, anasema wateja wengine humwachia hela ya kitabu, huyu humwachia maelezo: mji wa chini, taa za pumzi, binti fundi.

Njiani aliokota mengi. Kwa kuwa hasomi, humwomba Abdurahmani amsomee ukurasa wa katikati. Ule wa kwanza hauamini. Anasema ni wa kuvutia wateja, kama nyanya nzuri zinazopangwa juu. Akisikia mapenzi au ugomvi wa mirathi, anarudisha kitabu mezani.

"Mapenzi nayajua, na mirathi nimeshagombana," anasema. "Mimi nataka yasiyokuwepo. Yaliyopo nimeyaona."

Ndivyo wanawake wa karasha walivyopata habari za ziwa linalokumbuka, za mbuzi waliopelekwa kwenye nyota, na sasa za muuza miaka. Kila kitabu Gati alikileta akitumaini ndicho. Kila kimoja hakikuwa chenyewe. Lakini hakurudisha hata kimoja, maana wenzake walikuwa wameshavishikilia, na Mwajuma anakiri kuwa bila msiba wa yule mama wasingejua kama duniani kuna mambo mazuri hivyo ya kusoma. Akishasema hivyo anaona aibu.

Siku ya pili ya ziara ya mwandishi wa habari hizi, bodaboda anasimama penye mawe akiwa na salamu kutoka Tarime. Abdurahmani ameletewa magunia ya vitabu vya shule kutoka Mwanza, na ndani ya gunia moja amekuta kitabu chembamba. Amesoma ukurasa wa katikati, kama alivyozoeshwa. Kuna mtu anaiwasha taa kwa kuipulizia.

Gati anaifunga khanga vizuri, anapanda pikipiki, anaondoka na vumbi lake mwilini.

Anaporudi, nyundo zinasimama zenyewe. Mwajuma anafungua sehemu ya pili na kuisoma mfululizo, siku hiyo na kesho yake, na safari hii hakuna anayetania. Binti fundi anapoteza wenzake mmoja baada ya mwingine. Mwamba unazidi kuwa mgumu. Kisyeri amekuja na mguu wake akasimama kando ya ukuta wa karasha. Gati amemwona na hakumfukuza, wala hakumkaribisha.

Inabaki sura moja. Mwajuma anageuza ukurasa na kuvuta pumzi. Gati ananyoosha nyundo mbele yake kama mtu anayezuia ng'ombe asipite.

"Hapo hapo," anasema. "Funga."

Wenzake wanalalamika. Mmoja anamuuliza, Mama Nelson, miaka yote hii unatafuta mwisho, na mwisho huu hapa mkononi? Gati anakichukua kitabu, anakipangusa vumbi kwa ncha ya khanga, anakifunga pamoja na kile kisicho na jalada.

Amempigia Waitara simu. Jumamosi wazee watakaa uani Nyambureti na kaburi litachimbwa. Mwajuma atapewa nauli asafiri nao, asimame kando ya kaburi na kuisoma sura ya mwisho kwa sauti, watu wote wakisikia. Akimaliza, vitabu vyote viwili vitashushwa.

Kisyeri naye ataalikwa. Ametuma mtu kuuliza kama anaruhusiwa kuja, na jibu la Gati lilikuwa fupi: aje asikie kuwa kilikuwa kitabu tu.

Gati alipokwenda pembeni kunywa maji, Mwajuma alinong'ona kwamba ameshaipitia sura hiyo. Jana jioni, kabla kitabu hakijafungwa, macho yake yalimshinda. Mwandishi alitaka kumuuliza wanatoka au hawatoki, akaona uso wake, akaacha. Ombi la Mwajuma kwa Waitara ni moja tu, kwamba siku hiyo Mama Nelson awekewe kiti, asisomewe amesimama.

Gati akarudi kwenye gunia lake. Alipoulizwa atafanya nini kama kitabu kitasema hawakutoka, alichagua jiwe, akaligeuza mpaka akaona mahali pa kulipiga.

"Aliniahidi ataniambia," alisema. "Hakuwahi kujua mwenyewe. Sasa Jumamosi tutasikia pamoja."

Akalizungushia pete ya mpira, akapiga.