Kurasa Tupu za Daftari la Jenereta

Wiki ile usingizi ulinikataa kwa furaha. Mimi, binti wa mtaa wa Dilala hapa Kolwezi, niliyeanza kazi kiwandani kwa kupanga mafaili, nilikuwa nimekabidhiwa kuhesabu moshi! Nyumbani walicheka mpaka machozi. Mama akaniuliza kama nitaupima kwa ndoo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kampuni moja ya Ulaya, inayozalisha umeme wa nyuklia, ilitaka shaba yetu kwa ajili ya nyaya zake. Mitambo yake yenyewe, walituandikia, inatoa kaboni kidogo sana. Nyingi imejificha ndani ya vitu wanavyonunua: saruji, chuma, shaba. Na kwa kuwa walikuwa wameahidi kuipunguza mwaka hadi mwaka, kila muuzaji alitakiwa aseme ukweli. Shaba ya Kolwezi ikawa inaulizwa ukoo wake kama bibi harusi. Nilifurahi mno.

Umeme wetu unatoka kwenye bwawa, na maji hayatoi moshi. Shida ni kwamba hukatika kila mara, na ukikatika inawashwa jenereta, groupe kama tunavyoiita hapa, inayokunywa mazutu, yaani dizeli, kama ng'ombe wa kiangazi. Aliyeitunza alikuwa tata mmoja, mzee mwenye mvi, mtu wa maneno machache. Nikachukua daftari lake la mwaka mzima. Kurasa nyingi zilikuwa na tarehe tu, chini yake weupe. Hapa na pale mstari mmoja: filta imeziba, mkanda umekatika. Nikahesabu siku zenye maandishi kuwa ndizo iliwashwa, nikapata moshi mdogo ajabu, nikapiga kigelegele humo humo ofisini. Mkurugenzi akaniita Madame Carbone, Bibi Kaboni, mbele ya watu wote. Ripoti ikaenda Ulaya na sahihi yangu chini, na wao wakamtuma mtu wao aje kuikagua.

Asubuhi ya ugeni, nikapita kwanza kumshukuru tata. Jenereta ilikuwa ikinguruma, ikabidi nipaze sauti kumwambia kwamba mashine yake imepumzika sana mwaka huu.

"Kupumuzika? Mama, nani alikuambia groupe inapumuzikaka?"

Nikamfunulia kurasa tupu.

"Ile njo siku zenye ilitumika muzuri! Mi naandika siku yenye inaharibika. Kama inatumika muzuri, niandike nini?"

Nikalifunga daftari. Ndivyo alivyofundishwa tangu kazi yake ya kwanza migodini: daftari ni la mashine kuharibika, na anayeandika kwamba mambo ni mazuri anapoteza karatasi. Kuuliza si ujinga, na mimi mjuaji sikuwa nimemuuliza hata neno moja. Mgeni alikuwa njiani, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na uongo wenye sahihi yangu.

"Tata, basi mazutu yenye iliisha tutaijua namna gani?"

Akanipeleka nyuma ya jenereta. Ukuta mzima ulikuwa na mistari ya chaki ya mwaka ule. Kila pipa likiisha alichora mmoja, kwa sababu mazutu ikimwishia bila kujua, aibu ni yake. Tukahesabu, yeye kwa kidole, mimi kwa kalamu. Nikiri, furaha ilikuwa imerudi: hii sasa ilikuwa namba ya kweli! Ilikuwa kubwa kuliko ile yangu mara nyingi.

"Utatupotezea mununuzi," mkurugenzi akasema nilipomwonyesha, uso umemkauka.

"Afazali tumupoteze leo, kuliko atukamate kesho," nikamjibu.

Mgeni aliposhuka garini sikungoja apewe kiti. Nilimpeleka moja kwa moja ukutani, nikamweleza yote kwa Kifaransa, kosa langu likiwa la kwanza. Aliupitia ukuta mstari kwa mstari. Kisha akapiga picha ukuta, akacheka. Ripoti yangu, alisema, ilikuwa nzuri kupita kiasi, na alikuja na barua ya kutukataa. Huu ukuta ni mbaya, lakini anauamini, na lengo lolote lazima lianzie mahali pa kuaminika. Shaba wataichukua, mradi kila saa ya jenereta iandikwe na mistari ipungue mwaka hadi mwaka. Kidogo nimkumbatie.

Tata alitaka kujua mzungu anasema nini. Nikamtafsiria. Akautazama ukuta, kifua mbele.

"Ile moshi yote ni ya kwangu?"

"Yote, tata."

Kesho yake alinisubiri mlangoni na daftari mkononi. Chini ya tarehe, kwa herufi kubwa zilizokandamizwa sana, alikuwa ameandika: groupe ilitumika muzuri, masaa tisa. Akaniuliza kama ni sawa kuandika hivyo. Nikamwambia ni sawa kabisa, nikageuza uso kidogo. Miaka yote ile kazini, ilikuwa mara ya kwanza daftari kusema kwamba amefanya kazi vizuri.