Bartholomayo na Miaka ya Nuru

Bartholomayo wa Chilangala alikuwa mbishi, na nasema hivi nikiwa jirani yake wa ua kwa ua. Alibishana na katekista, alibishana na wanunuzi wa korosho, na mbuzi akigoma kutoka zizini walibishana kwanza. Mkewe Veridiana, ambaye sote tulimwita Mama Getrude, alikuwa mtu wa maneno machache. Maneno mengi angeyapatia wapi, na kila alfajiri yuko njiani na ndoo? Kwetu huku juu, mvua ikikatika na bomba likikauka, maji ni kushuka bondeni na kupanda tena huku jua likikuchoma. Wenzake wa rika lake walikuwa na wajukuu wa kuwatuma. Getrude wao aliolewa mbali, Mtwara, kwa hiyo mama alijituma mwenyewe, na nyonga ilikuwa imeanza kumkatalia. Alipopanda kile kilima ungemsikia akiguna kabla hujamwona.

Kaka yake aliishi Chiwata, kule chini upande wa Masasi. Alikuwa na kiwanja, na kisima kilikuwa jirani. Kila mwaka alituma salamu kwamba waje wajenge. Kila mwaka Bartholomayo alikataa.

"Nikakae ukweni uzeeni? Na mikorosho ya marehemu baba nimwachie nani?"

Mazungumzo yaliishia hapo, na mama wa watu akachukua ndoo yake. Ilinikera, lakini mambo ya nyumba ya mtu utayaingiliaje?

Ndipo zikaja siku za ruksa. Biashara ilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakapanda hadi kwetu na malori yao, maduka ya Newala yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Bartholomayo akanunua redio kubwa ya masafa mafupi. Kuanzia hapo akawa hashikiki. Mwaka wa tisini na tano, siku moja jioni, alitokea nyumbani kwangu na redio kwapani, macho yamemtoka.

"Wamegundua sayari! Inazunguka nyota nyingine kabisa, si jua letu hili. Ni miaka hamsini ya nuru kutoka hapa."

Nikamuuliza miaka ya nuru ndiyo ipi. Akanicheka.

"Nuru si mchana? Wamehesabu safari ya mchana tu, usiku wanalala. Sasa mtu akitembea na usiku, kama wanawake wetu wanavyowahi maji, si inakuwa nusu? Miaka ishirini na mitano tu, umefika!"

Hesabu ilikaa sawa kichwani mwangu. Suleimani mwenye duka naye aliikubali, akaongeza kwamba wazungu hawajazoea kutembea usiku. Wiki nzima kijiji kilisafiri. Tulipanga nani aende, abebe nini, na kama mbegu za mihogo zitafika zikiwa hai.

Jumapili Mwalimu Dickson, anayefundisha sayansi shuleni, alipita kwa Bartholomayo. Alikuta watu tumejaa uani, na Veridiana amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo, mguu mmoja ameunyoosha kwa maumivu.

"Shikamoo, Baba Getrude."

"Marahaba, mwalimu. Kaa utuamulie."

Mwalimu alisikiliza, akacheka mpaka akafuta machozi, lakini hakutudharau. Alisema nuru hapo ni ule mwanga wenyewe. Ukiwasha taa, mwanga umeshafika ukutani kabla hujapepesa jicho, na mwanga huohuo unatumia miaka hamsini kufika kule. Chombo chenye mbio kuliko vyote kingetumia malaki ya miaka.



"Basi watu watazaliwa njiani," Bartholomayo alisema taratibu. "Na kuzikwa njiani."

"Ndiyo. Halafu njia nzima hakuna kitu. Chakula, maji, hata hewa, vyote wabebe. Mzigo unataka mafuta, na mafuta nayo ni mzigo, unataka mafuta mengine."

"Kama sisi," Veridiana alisema bila kuinua kichwa. "Kisima kikiwa mbali mno, maji unayanywa mwenyewe njiani. Nyumbani unaleta ndoo tupu."

"Hasa, mama! Hivyo hivyo."

"Na hiyo sayari ina nini?"

"Hiyo ni moto mtupu, iko karibu mno na nyota yake. Lakini wataendelea kutafuta nyingine. Wanataka yenye maji. Kitu cha kwanza ni maji."

"Haswa!" Bartholomayo alidakia, uso ukamng'aa tena. "Ikipatikana yenye maji, mtu mwenye akili anahama! Makaburi utayaacha, mashamba utayaacha. Utakaaje pasipo na maji?"

Veridiana akaweka kisu chini.

"Baba Getrude," alisema, "Chiwata ni siku moja."

Hakupandisha sauti. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alitazama viatu vyake, mimi nikajifanya natafuta ugoro mfukoni. Bartholomayo alimtazama mkewe, kisha ule mguu ulionyooshwa, na nadhani siku hiyo ndiyo aliuona. Nilimhurumia, japo alistahili.

Msimu wa korosho ulipokwisha, alifagia kaburi la baba yake, akanikabidhi mikorosho niipalilie, na tukateremka kwa lori la mzigo, mimi nikiwasindikiza. Chiwata shemeji yake alitupokea vizuri mno, bila hata neno la kumsuta. Veridiana alianza kupanga mafiga ya jiko lake jipya. Bartholomayo, ambaye sijapata kumwona na chombo cha maji maishani mwangu, alichukua ndoo akatoka.

Alirudi wakati mkewe bado anatafuta figa la tatu.

"Umesahau nini?" Veridiana alimuuliza.

"Sijasahau kitu. Maji haya hapa."

Mama aliitazama ndoo. Ilikuwa imejaa, inamwagika pembeni. Akachungulia nje, akakiona kisima na watu wakiteka. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, akalia.

"Kumbe ni hapa tu," alisema. "Miaka yote ile, Baba Getrude, ni hapa tu."