Tunafanya Mazoezi ya Kuona Tembo

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Majina ya humu nimeyabadilisha, maana Newala ni ndogo na wambea tunao wa kutosha.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, mkulima wa korosho upande wa Kitangari. Nina watoto wawili. Agnes ni nesi, yuko Dodoma na familia yake, na mdogo wake anaishi Morogoro. Mume wangu, Baba Agnes, ni mwalimu mstaafu. Alifundisha Jiografia Masasi miaka mingi, akaja kumalizia huku kwetu. Mbuga zote za nchi hii anazijua kwa ramani, na hata moja hajaikanyaga. Mikumi hajawahi hata kuipita kwa basi, maana sisi wa Kusini tukienda Dar tunapitia Lindi.

Alipostaafu akaanza kuniimbia: Mama Agnes, twende Mikumi na sisi tukatembee kama wenzetu. Akanunua daftari, akaandika tutalala wapi, getini tuingie saa ngapi, wanyama gani wanaonekana asubuhi. Alitaka Julai, kwa sababu nyasi zimekauka na wanyama wako wazi. Mwaka juzi akaniambia nifunge mizigo. Nikakataa. Julai hiyo binti wa mdogo wangu alikuwa anatolewa unyagoni, na mimi ndiye mama mkubwa, hata kitenge cha sare nilichagua mimi. Niseme ukweli, nilitaka kuonekana. Nikamwambia, "Simba wapo tangu enzi za Nuhu, hawahami."

Mwaka jana akaomba tena. Nikamwambia Julai ndiyo tunapuliza dawa mikorosho, tukiondoka ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, utamaliza maua yote, tutakula nini? Aliniomba siku tatu mfululizo, mtu ambaye jambo halisemi mara mbili. Nikamfokea kwamba uzee umemrudisha utotoni. Mdomo huu jamani, Mungu aniponye nao.

Baba Agnes husoma masomo kanisani. Mwaka huu, Jumapili moja baada ya Pasaka, alisoma vizuri sana, sauti ileile ya darasani. Ibada ilipokwisha nikaenda kumchukulia Biblia yake, nikakuta iko wazi kwenye kitabu kingine kabisa. Alikuwa amekariri somo zima. Tukarudi nyumbani nimemshika mkono, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi anavyoipapasa njia kwa mguu.

Nikamuuliza, "Baba Agnes, huoni?"

"Mwanga nauona. Wewe nikikukazia macho naona kuna mtu."

Akanieleza kuwa ni presha ya macho. Daktari alimwambia tangu mwaka juzi kwamba dawa ya matone itachelewesha tu, uoni uliokwisha kupotea haurudi, na kama kuna kitu anatamani kukitazama, akitazame mapema.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia twende Mikumi."

Nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Tumerudi hospitali pamoja, jibu ni lilelile.

Watoto hawajui. Na wao, bila kujua lolote, wamemwandalia baba yao zawadi: Julai hii tukutane wote Morogoro, twende Mikumi siku mbili pamoja na wajukuu. Nikataka kuwaambia ukweli, akanishika mikono yote miwili. "Wakijua watanihamisha, Mama Agnes. Hapa najua kila mkorosho uliposimama. Huko nitakuwa mtu wa kukalishwa kwenye kochi na kuulizwa kama nimekula." Mwalimu mwenzake alichukuliwa hivyo na wanawe baada ya kuugua, na mwaka haukuisha tukaletewa jeneza. Kwa hiyo simwoni kama anadeka.

Sasa msinicheke. Tunafanya mazoezi. Jioni tunakaa barazani bega kwa bega kama tuko ndani ya gari. Nikimgusa goti mara moja ni swala, mara mbili ni twiga, mara tatu ni tembo. Kwa kuwa tembo hatuna, tunatumia mbuzi wa jirani. Nikimgusa mara tatu, anapaza sauti, "Loo! Tazameni tembo yule, masikio yake!" huku amegeukia upande ambao mbuzi alishaondoka zamani. Ananiuliza, "Nimepatia?" Namwambia umepatia.

Anasema atavaa miwani ya jua. Mimi najua hatutamaliza hata mlo wa kwanza. Mtu anayepapasa kijiko mezani atamdanganya Agnes, nesi, kwa muda gani? Nimejaribu kumwambia tuahirishe, akacheka kicheko ambacho sikutaka kukisikia, akasema neno hilo tumelitumia vya kutosha.

Juzi Agnes alipiga simu, watoto wanapiga kelele nyuma yake. Babu yao akawaeleza habari za viboko, jinsi wanavyolala majini mchana kutwa, akawachekesha mpaka basi. Simu ilipokatika akasema taratibu, "Mama Agnes, safari hii wala siitaki. Naitaka ile ya mwaka juzi."

Ile sina pa kuitoa. Iliyobaki ni hii, na siku zinakaribia. Nikiwaambia watoto, nimemsaliti, na nyumba yake ndiyo basi tena. Nikinyamaza, nampeleka mwenyewe akaaibike mbele ya wajukuu zake. Nimewaza nimechoka, usingizi sina, kusali nasali lakini sijui hata niombe nini. Mliopitia haya nisemesheni, nishike lipi? Mkitaka kunitukana nitukaneni, nastahili, lakini na ushauri mniachie.