Kabati la Uani Sengerema

Nichekeni tu, jamani. Enzi zile za ruksa, bidhaa za nje zilipojaa madukani, kila mtu alitaka kabati la vioo, na yale ya zamani ya mbao za mninga yakatolewa uani yauzwe. La marehemu mama tulishaliuza, nami nikabaki nikilitamani kila siku, lilivyonukia khanga na sabuni.

Jumamosi moja nikavuka kwa feri ya Kigongo hadi Sengerema. Kwenye nyumba moja vitu vyote vilikuwa uani: vitanda, makochi, na kabati la mninga, pacha wa lile la mama. Nikajua wanauza. Hata hodi sikupiga. Nikatoa futi nikaanza kupima. Nilipofungua mlango wake, harufu ile ile ikanipokea. Nikaingiza kichwa ndani, nikalia kwa sauti: "Mama! Mama yangu!"

Mikono ikanikumbatia kwa nyuma. Nikageuka. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni, na sebule tupu nyuma yao imetandikwa mikeka. Ulikuwa msiba, vitu vilitolewa kuwapisha waombolezaji.

"Pole, mwanangu," alisema bibi aliyenishika, akilia. "Hatukujua kama marehemu alikuwa na binti mwingine."

Kisha akaiona futi mkononi mwangu.