Bikoni Haina Miguu

Mimi si mtu wa kushindwa kesi ya shamba, wacheni niwaambie. Kando ya ploti yangu hapa Molo kuna kipande cha ardhi ya kaunti, na nilikuwa nimeomba kukinunua. Jirani yangu, Mama Esther, akapinga. Eti hapo ndipo ng'ombe wake hupitia kwenda mtoni.

Basi kaunti ikatuma mpimaji. Nikavaa koti la kanisani, nikasimama mbele ya chifu na majirani. Mpimaji alizunguka kwa matope asubuhi nzima akitafuta bikoni, lile jiwe la mpaka, akalikosa.

Hapo nikaona nafasi yangu.

"Chifu, bikoni haina miguu! Kuna mtu ameing'oa ndio aibe shamba ya serikali. Huyo mtu afungwe!"

Nikamkazia macho Mama Esther. Nikajua nimemmaliza. Kwa roho safi ya mshindi, nikawakaribisha wote chai.

Mpimaji alipofika mlango wa jikoni, akaanza kukwangua matope ya gambuti kwenye jiwe letu la hapo mlangoni. Ghafla akainama. Katikati ya jiwe kulikuwa na chuma, na kando ya chuma, namba.

"Mzee, hii mlitoa wapi?"

Mke wangu akatokea na birika, akitabasamu.

"Hiyo? Huyu Baba Kevin wangu aliing'oa mwenyewe akipanda viazi. Akasema kaunti imezoea kututupia takataka kwa shamba."