Nilivyomzika Mama Yake Rizal Angali Hai

Nawaambia nyinyi tu, maana kazini sina pa kuuficha uso. Rizal, Mminangkabau wa milima ya Sumatra ninayefua naye mashuka hotelini Al Garhoud huku ughaibuni, alikuja akilia: "Mamak amefariki kijijini."

Mimi mjuaji wa Mombasa nikawatangazia wenzetu kwamba kafiwa na mama. Nikaongoza dua, nikamwombea mama yake kaburi lenye nuru. Tukiitikia amina, simu ya Rizal ikaita. Kwenye kioo alikuwa mwanamke mzee, macho yamevimba.

"Nani huyu?" nikauliza.

"Mama yangu," akasema Rizal. "Mamak ni mjomba. Kwetu nyumba na mashamba ni ya wanawake, na mjomba ndiye mlezi. Yeye ndiye aliyenilea."

Kisha akaniuliza taratibu: "Na mjomba, hamjamwombea?"