Chati ya Matone

Hadi leo nikiona watu wanaiamini karatasi ya ukutani kuliko macho yao wenyewe, nakasirika. Hasira hiyo ilinianza mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa muuguzi katika wodi ya watoto ya kituo kimoja kati ya Nachingwea na Ruangwa. Jina lake silitaji.

Sista mkuu wa wodi yetu alikuwa ameandika chati kwa mkono wake, kwa kalamu nyekundu. Upande mmoja kiasi cha maji na saa, upande wa pili matone kwa dakika. Nusu lita kwa saa nne: matone arobaini na mawili. Hesabu ilikuwa sahihi, sibishi. Ila ilikuwa sahihi kwa mipira ya dripu tuliyoizoea, ile ambayo matone ishirini hutoa mililita moja. Mwaka ule tukaletewa boksi la mipira ya msaada yenye matone madogo, na hapo mililita moja ilihitaji matone sitini. Iliandikwa wazi kwenye pakiti. Pakiti zikachanwa, zikatupwa, chati ikabaki palepale.

Siku hiyo niliingia zamu saa nane mchana. Kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na mtoto wa miaka miwili kutoka Lionja, anaharisha na kutapika, macho yamezama, analia bila machozi. Bibi yake ndiye aliyemleta. Tabibu alikuwa ameagiza apewe nusu lita kwa saa nne, na dripu ilitundikwa saa nne asubuhi. Kwa hiyo nilipoingia, chupa ilipaswa kuwa tupu.

Bibi alikuwa amechomoa uzi kwenye kanga yake akaufunga kwenye chupa, usawa wa pale maji yalipokuwa asubuhi.

"Mwanangu, maji haya hayashuki," aliniambia, akiyatafuta maneno ya Kiswahili moja moja. "Nimemwambia yule mkubwa mara tatu."

"Kasemaje?"

"Kasema nikae, hiki si kisima."

Theluthi mbili za maji zilikuwa bado zimo. Nikashika saa yangu, nikahesabu matone: arobaini na mawili kwa dakika, kama chati ilivyotaka. Nikapekua ndoo ya taka mpaka nikaipata pakiti. Nikaandika kiganjani: mia tano mara sitini, gawanya kwa dakika mia mbili na arobaini. Jibu, mia moja ishirini na tano. Tangu asubuhi mtoto aliyekauka vile alikuwa amepewa theluthi moja ya maji yake, na mtu pekee aliyeliona hilo ni bibi ambaye hakuwahi kukaa darasani.

Nikampelekea Sista pakiti mezani kwake. Hakuishika.

"Wewe umemaliza chuo lini?"

"Samahani Sista, mipira imebadilika. Naomba uangalie hapa."

"Chati hii iko pale tangu wewe uko shule ya msingi. Haijawahi kuua mtu."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nilikuwa na miezi mitatu tu pale kazini. Nikaenda kumtafuta tabibu; yuko chumba cha upasuaji, hatoki. Nikarudi mezani. Samahani Sista, naomba Sista, kwa heshima yako Sista. Kufungua kile kigurudumu cha kuongezea matone kwenye mpira wa dripu ni kazi ya kidole gumba kimoja, na mimi nilisimama pale nikiomba ruhusa kana kwamba naomba likizo! Sista ananiudhi hata sasa, lakini huyo msichana wa samahani niliyekuwa mimi ananiudhi zaidi.

Mwishowe nilikifungua bila kuruhusiwa. Mikono na miguu ya mtoto ilikuwa imeshapoa. Alifariki saa kumi na moja.

Sista akachukua kitabu cha ripoti akaandika kwamba mgonjwa aliletwa akiwa amechelewa. Haikumtosha kuandika. Akaenda hadi kitandani, akasimama mbele ya yule mama mzee, na kumkaripia kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia.

"Bibi, siku nyingine muwe mnawahi. Mnakaa na watoto nyumbani mpaka wanakauka, halafu mnatuletea sisi."

Bibi alikuwa anamfunika mjukuu wake. Hakubisha.

"Kweli, mwanangu," alisema. "Nimechelewa mimi. Nilingoja kupambazuke, njia ile niliiogopa."

Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa na maneno yote ya kumwambia, na kila tarakimu yake. Nikasema, "Pole, Bibi." Akarudi Lionja akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mjukuu wake, nami nikamwacha aende hivyo.